Maji Aliyoyaomba Bibi Yako

Zuhura mwanangu,

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameshakuambia wapi ufiche hela, nani umpigie ukifika Mwanza, na kwamba usile ovyo njiani, na akikumbuka lingine atakuambia tena. Saa hizi mko Mwika mnawaaga wazee wa upande wake, na najua mtarudi na mkungu wa ndizi ambao hutaweza kupanda nao basi. Mimi nimefunga duka mapema. Nimekaa kwenye meza ya kukatia vitambaa, mkasi nimeusogeza pembeni, naandika. Wiki nzima hii nimejaribu kukuambia haya kwa mdomo, na kila nikianza nageuza maneno, nakuuliza kama umeshakata tiketi.

Nianze na la karibuni. Wiki iliyopita Mzee Idi, fundi baiskeli wa hapo jirani, alikukuta hapa dukani unapiga pasi nguo zako za safari. Akakuuliza, "Zuhura, huko Mwanza unakwenda kufanya kazi gani?" Kabla hujafungua mdomo, nikadakia mimi: "Mambo ya maabara." Wewe ukainama ukaendelea kupiga pasi. Hukunisahihisha. Ungenisahihisha mbele ya Idi ningeudhika kidogo, yangeisha. Kunyamaza kwako ndiko kulikonifanya nisilale vizuri tangu siku ile.

Huendi maabara. Unakwenda kukaa na watu wazima, majumbani mwao, uwaulize habari za mkojo: kwa nini unawabana ghafla hata hawawezi kuusubirisha, ulianza lini, unakujaje, wamewahi kumwambia nani. Mnakusanya majibu ili madaktari wajue vyanzo vyake na aina zake. Nayajua yote hayo. Nayajua kuliko unavyodhani, na hilo ndilo ninalotaka kukueleza. Lakini siwezi kulifikia bila kwanza kupita kwa bibi yako.

Bibi alihamia kwetu kutoka Usangi baada ya babu yako kufariki. Wewe ulikuwa bado mtoto wa darasa la chini, na ulifurahi kuliko wote kwa sababu mlilala chumba kimoja. Unamkumbuka kama bibi wa hadithi na wa kukusuka nywele. Mimi namkumbuka kama mwanamke msafi kuliko wote niliowahi kuwaona. Alikuwa akifua kanga zake mwenyewe, anazikunja zikiwa na unyevunyevu ili zikauke na mikunjo. Asubuhi nikija dukani, hapa hapa mbele ya nyumba yetu, alikuwa ananifuata hadi mlangoni, ananitoa vipande vya uzi kwenye suruali kama vile nakwenda shule. Alipenda kukaa hapa dukani, kwenye kiti kile cha pembeni, ananishonea vifungo. Wateja walimpenda. Kuna waliokuwa wakimsalimia yeye shikamoo kwanza, halafu ndio wananiona mimi.

Halafu akaanza kukimbia. Anashona kifungo vizuri, mara anaacha sindano imening'inia, anainuka, anashika ukuta, anakwenda uani. Choo unakijua, kile tulichokuwa tukitumia pamoja na wapangaji, chenye kufuli. Mara nyingi alifika mlangoni salama, ila akishagusa kufuli tu, basi, mkojo unamtoka. Na wapangaji wakifungua bomba kujaza ndoo, sauti ya maji peke yake ilitosha kumtoa kwenye kiti. Mimi nikaona ni maigizo. Nikasema moyoni, mtu gani anabanwa na mkojo kwa kusikia bomba?

Siku moja walikuja watu wa harusi kupimwa nguo, bibi harusi na mashangazi zake. Mama yangu akainuka, lakini alichelewa. Kiti kikalowa, na sakafu pia. Wale wanawake walikuwa waungwana, mmoja akavua mtandio wake akamfunika. Mimi sikuwa muungwana. Walipoondoka nikamwambia, "Mama, wewe ni mtu mzima. Ukiona inakuja si unakwenda mapema?"

Akanijibu taratibu, "Haiji ikabisha hodi, mwanangu. Inakuja kama mtu anakusukuma mgongoni."

Zuhura, hapo bibi yako alikuwa ananieleza ugonjwa wake vizuri kabisa. Wewe sasa unasafiri mpaka Mwanza kutafuta maneno kama hayo kwa watu. Mimi nilipewa bure dukani kwangu, nikayaona ni visingizio vya mzee.

Nikatunga tiba yangu. Sikumuuliza mtu. Nilifikiri kama fundi anayeona kitambaa kimezidi, nikaamua kupunguza. Kwanza nikasema asinywe kitu chochote baada ya Alasiri. Haikusaidia. Nikasogeza hadi Adhuhuri. Chai ya asubuhi nikaiacha, ila kikombe kidogo. Mama yako alipinga. Alikuwa amempikia mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama ya kwao, na mama aliupenda mtori wa mama yako kuliko chakula chochote cha huku, nami nikaliondoa bakuli mezani nikisema ule ni maji matupu. Mama yako akaniambia, "Baba Zuhura, yule ni mgonjwa, si mmea unaomwagiliwa kwa zamu." Nikamjibu kwamba yule ni mama yangu na najua linalomfaa. Ndivyo tulivyo wanaume wa mtaa huu wa Majengo, tukishasema neno mbele ya wake zetu hatujui namna ya kulirudisha.

Wewe hukubishana. Ulitafuta chupa ya soda, ukaijaza maji, ukawa unampelekea bibi yako umeificha ndani ya sweta la shule. Sijui ulifanya hivyo kwa siku ngapi. Siku niliyokukamata ulikuwa umesimama mlangoni mwa chumba chenu, na sweta limelowa kifuani kwa sababu kizibo kilikuwa hakikazi. Nikakuuliza hiyo nini. Ukasema, "Bibi ana kiu." Nikakupiga kofi.

Sijawahi kukuomba radhi kwa kofi lile. Nakuomba sasa. Ulikuwa unafanya kazi yangu, na mimi nikakupiga kwa kuifanya.

Bibi alitoka chumbani ameshika ukuta. Hakunifokea. Alisema, "Usimpige mtoto kwa ajili yangu, Rajabu. Sinywi tena." Na kweli, tangu siku hiyo hata kile kikombe kidogo cha asubuhi alikuwa anakiacha nusu.

Unadhani kukimbia uani kulipungua? Kulizidi. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, unamchoma, na kila mara linamtoka tone tu. Halafu akaanza kuchanganyikiwa. Alimwita mama yako kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Akawa anaongea Kipare na mtu asiyekuwepo. Siku aliyoanguka uani, karibu na bomba, tulimpeleka hospitali, wewe ukang'ang'ania kuja, ukakaa kwenye benchi umeshika kandambili zake.

Daktari alikuwa kijana, mpole. Alibana ngozi ya mkono wa mama, ikabaki imesimama kama kitambaa kilichotiwa wanga. Akaniangalia, akauliza, "Mama huwa anakunywa maji kiasi gani?"

Nikajibu, "Kawaida."

Wewe ulikuwa umekaa pale pale. Ulinitazama. Nilingoja useme, maana ulikuwa mtoto wa kusema, lakini ulishakula kofi mara moja kwa jambo hilo hilo. Ukatazama kandambili. Daktari akaandika jibu langu. Zuhura, nimesema uongo mwingi maishani, wa biashara na wa kawaida, "nguo yako iko tayari, njoo kesho." Sijasema mwingine kama ule. Nilimdanganya daktari juu ya mama yangu mbele ya mtoto wangu, na nilikufundisha pale pale kwamba mtu mzima akidanganya, mdogo ananyamaza.

Walimwekea maji ya mshipani, wakamtibu maambukizi ya njia ya mkojo, akili ikamrudia. Mwuguzi alitaka kukaa na mimi anieleze habari za vidonge vyake vya presha, kwamba vile vya kukojoza inafaa avinywe saa fulani na si saa nyingine. Nikamwambia nina wateja wananisubiri. Sikutaka kukaa na mtu ambaye angeweza kuniuliza tena.

Shangazi yako Mwajabu alikuja kutoka Bomang'ombe, akasikiliza kwa mama yako, hakunisemesha. Alifunga vitu vya mama kwenye mfuko, akamchukua. Mimi nilisema, "Afadhali akapumzike kwa binti yake," kama vile wazo limetoka kwangu. Nakumbuka nilijisikia mwepesi. Hilo nalo nakuambia, maana ukweli wa nusu nimeshautumia vya kutosha. Kiti cha pembeni kikawa kitupu, nikakipaka rangi upya.

Kwa shangazi yako hakukuwa na dawa ya ajabu. Yeye alikaa na yule mwuguzi, akauliza, akasikiliza. Vidonge vikahamia asubuhi. Akamwekea ndoo yenye mfuniko karibu na kitanda na fimbo ya kushikia. Akamwachia maji anywe kidogo kidogo kutwa nzima. Akamfundisha kwenda kujisaidia kwa saa, kabla ya kubanwa. Mama hakupona kabisa, lakini aliacha kulowa mbele ya watu, na alikuwa anakwenda sokoni kumsindikiza mwanawe, anakaa kwenye kibanda chake cha nyanya, anapiga soga. Aliishi huko miaka mizuri, mpaka moyo ulipomshinda.

Nilikuwa naenda kumwona mara chache. Ulikuwa unanilaumu kwa hilo, nawe hukujua sababu. Sababu ni hii. Kila nikifika, shangazi yako anatuletea chai. Mama anaipokea, anaiweka kwenye kigoda, tunaongea. Chai inapoa. Nikimwambia, "Mama, chai yako," anatabasamu, anasema, "Kunywa wewe, mwanangu, mimi nimeshakunywa." Nilidhani ni kweli. Siku moja nilikuwa nimeshaaga nimetoka, nikakumbuka kofia yangu, nikarudi. Nikamkuta amekishika kile kikombe kwa mikono miwili, anakunywa haraka haraka, chai imeshakuwa baridi. Aliponiona akakiweka chini, kama mtoto aliyefumaniwa.

Hakuwahi kunywa mbele yangu tena, mpaka anaingia kaburini. Hakuniwekea kinyongo, namjua. Alikuwa ananiogopa, au alikuwa anataka kunifurahisha, na sijui lipi kati ya hayo mawili ni baya zaidi. Mazishini watu walinishika mkono wakasema nilimtunza mama. Niliitikia.

Sasa nije kwangu.

Ulipokuwa chuo cha uuguzi ndipo lilipoanza. Mwanzoni niliona ni baridi ya Julai. Halafu nikawa nashona, mguu uko kwenye cherehani, mara inakuja. Na ilikuja hivyo hivyo alivyosema mama, kusukumwa mgongoni. Nikawa nafunga duka katikati ya mteja. Nikifika chooni nikagusa kufuli, basi. Kufuli lile lile, Zuhura. Nilisimama pale siku ya kwanza suruali imelowa, na sikumfikiria mama hata kidogo. Nilifikiria ni nani ameniona.

Msikitini ikawa mtihani. Ijumaa moja nilitoka kwenye safu katikati ya swala, nikapita mbele za watu. Baada ya hapo nikawa nasali nyumbani, naambiwa nimekuwa mvivu, nakubali. Kuliko kusema kwamba udhu haukai, niliona heri niitwe mvivu. Kwenda Bomang'ombe kwa shangazi yako nikaacha. Kwenda mazikoni mbali nikaacha. Nikapunguza kunywa maji. Ndiyo, mimi huyo huyo, tiba ile ile, na ikanizidishia vile vile.

Na mahafali yako. Nilikuambia nimebanwa na kushona nguo za sikukuu ya Idi. Mama yako alikwenda peke yake. Picha ipo ukutani, wewe na yeye na maua ya plastiki, na nafasi pembeni ya mtu ambaye hakuja. Ulifikiri nimechukia kwamba hukusomea ualimu nilivyotaka. Nikakuacha ufikiri hivyo. Ukweli ni kwamba niliamka alfajiri, nikaoga, nikavaa suti niliyojishonea kwa ajili ya siku hiyo, nikafikiria saa za barabarani, nikaivua. Suti ipo kwenye mfuko wa nailoni, haijavaliwa. Nilipendelea uamini kwamba sikupendi kuliko ujue kwamba sijiwezi.

Halafu ukapata kazi kwenye huu utafiti, ukaja na furaha yako, ukanieleza hapa hapa mbele ya meza. Ulisema kuna watu wengi wazima wanaoishi na jambo hili bila kumwambia mtu, kwamba wengine wanaacha hata kwenda ibadani. Nilihisi kama umenivua nguo. Ndiyo maana nikakushambulia. Nilisema, "Nimekusomesha ukaulize watu wazima habari za mikojo yao?" Nikasema na mengine. Wewe ulisimama ukavumilia, halafu ukasema neno moja tu: "Baba, Bibi hakuna aliyemuuliza."

Ukatoka. Tangu siku hiyo nikawa nawaambia watu uko maabara.

Lakini lile neno lilibaki dukani. Ndipo ilipokuja ile siku mliyoita watu ukumbini, madaktari wenu wazungumze na wananchi. Hukunialika, na ulikuwa na haki. Tangazo nililiona limebandikwa hapa nje, kwenye nguzo. Nilikuja, Zuhura. Nilikaa mstari wa nyuma, karibu na mlango, kofia nimeishusha. Wewe ulikuwa mbele, unawashika wazee mikono na kuwakalisha. Kuna kikongwe mmoja ulimwonyesha kwanza choo kilipo, ndipo ukamwonyesha kiti. Nilikuona.

Daktari wenu mmoja wa kike alizungumza Kiswahili chepesi. Alisema kubanwa ghafla si ugonjwa mmoja, ni dalili, na milango yake ni mingi. Alisema kuna maambukizi. Kuna sukari. Kuna tezi dume kwa wanaume inayokua na kubana njia. Kuna vidonge vya presha. Kuna mishipa ya fahamu iliyoumia, kama kwa waliopooza. Kuna hata choo kigumu kinachokandamiza kibofu. Na kuna kibofu chenyewe kinachojikaza kabla hakijajaa, bila sababu inayoonekana. Akasema wako wanaohisi haja inapanda taratibu mpaka inawazidi, na wako inaowavamia ghafla pasipo kupanda, na huenda hayo ni mambo mawili tofauti, hawajui bado, ndiyo maana wanauliza watu. Sauti ya maji inaweza kuiamsha, alisema. Kugusa kufuli la mlango kunaweza. Alivyosema kufuli, nilishika kiti cha mbele yangu.

Mwanamke mmoja akainua mkono akauliza, "Daktari, si nimnyime maji tu mama mkwe jioni, apumzike?"

Daktari hakumcheka. Alimwambia kupunguza kidogo karibu na kulala kunaweza kusaidia, lakini kumnyima mtu maji kutwa ni kumuumiza: mkojo unakuwa mkali, unakichokoza kibofu, haja inazidi, maambukizi yanaingia, na mzee anaweza hata kuchanganyikiwa akaanguka.

Nilitoka nje. Kuna ukuta nyuma ya ukumbi ule, nilikaa hapo chini. Ilikuwa kama anasimulia nyumba yangu, na hajawahi kufika. Nililia, mwanangu. Nililia kuliko nilivyolia kaburini.

Nilikwenda kliniki wiki iliyofuata, nikamwomba mama yako anisindikize. Yeye alikuwa anajua siku zote, ndiye anayefua. Aliniambia tu, "Nilikuwa nakusubiri." Wamenipima, ni tezi dume, si ile mbaya, na kibofu chenyewe nacho kimezoea vibaya. Nakunywa dawa, nakunywa maji, najifunza kusimama nitulie pale inapokuja badala ya kukimbia. Sijapona kabisa. Ila Ijumaa mbili zilizopita nimesali msikitini, safu ya nyuma.

Na jana nimemwambia Idi. Alikuja kuomba sindano ya kushonea tandiko la baiskeli. Nikamwambia, "Idi, nilikudanganya. Binti yangu haendi maabara. Anakwenda kuwauliza watu kuhusu mkojo unaobana, na mimi ni mmoja wao." Aliigeuza sindano mkononi. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Na hiyo kliniki iko upande gani?" Hakuniambia zaidi, nami sikumuuliza. Nilimwelekeza.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa barua nzuri, baba aliyekosa bila kujua halafu akafunguka macho. Ndivyo nilivyojisimulia mwenyewe tangu siku ya ukumbini: sikujua. Mama yako husema hivyo pia kunifariji, na shangazi yako, alipoanza kunisemesha tena, alisema hivyo.

Lakini wewe unakwenda kusikiliza watu, kwa hiyo nisikupe jibu bovu kabla hujaanza. Nilijua. Si habari za kibofu, hizo sikuzijua. Nilijua ana kiu. Zile siku za mwisho kabla hajaanguka, alikuwa akiniita kutoka chumbani mchana, wewe uko shule, mama yako yuko sokoni. "Rajabu. Maji kidogo." Sauti ilikuwa inapita dirisha la uani inafika hapa nilipokaa. Nilikuwa naisikia vizuri. Na nilikuwa nakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Kuna siku nilikanyaga hivyo bila kitambaa chochote chini ya sindano.

Hakuna mtu anayejua hili. Sasa unajua wewe. Sikuombi unifariji, na ukinyamaza kwa muda nitaelewa. Sikuandika ili unitue mzigo ubebe wewe. Nimeandika kwa sababu huko uendako utaingia nyumba nyingi, na kwenye baadhi yake mimi nitakuwepo.

Utamkuta mama amekaa mkekani, na mwanawe amesimama mlangoni, mtu mwenye kazi zake, mwenye heshima mtaani. Utamuuliza mama swali, na mwanawe ndiye atakayejibu. Atajibu haraka, tena vizuri. Usimgombeze, maana atakufukuza na mama atabaki naye. Mshukuru. Mwombe akakuletee kiti, au maji ya kunywa, chochote kile kitakachompeleka mbali kidogo, halafu msogelee mama umuulize tena kwa sauti ya chini, na umpe muda mrefu kuliko unaoona unatosha. Atakapokueleza, atakueleza kwa maneno yake, hayatafanana na ya kwenye karatasi zenu. Yaandike hayo hayo.

Na ukimaliza na mama, kabla hujafunga mkoba wako, mgeukie na huyo mwanamume wa mlangoni. Usimhukumu kwanza. Muulize na yeye.

Baba yako,
Rajabu